Breki za Ndege Iliyogoma Kusimama

Kijiwe chetu ni ubao juu ya matairi mawili, ng'ambo ya uzio wa uwanja mdogo wa ndege. Tangu jana uzio huo una tundu la kupitisha lori. Ndege yetu ya maboya, ile inayotua majini na ikitaka nchi kavu inashusha magurudumu, iligoma kusimama, ikaupasua. Rubani kavunjika mkono. Mimi ni fundi hapo, chini ya mjomba. Shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji, na mdomo wangu wote wanaujua. Leo nimeinamia kikombe.

— Chumvi ya bahari imekula breki, — akasema Kinyozi. — Hata wembe wangu inaula.

— Wembe wako umeliwa na vichwa vya watu, — nikamchokoza, ila sauti ilitoka kama ya mgonjwa.

— Breki gani! — Redio akadakia. Huyu ni mbeba mizigo, habari anazo kabla hazijatokea. — Ndege ikizoea maji inasahau nchi kavu. Ilidhani lami ni ziwa!

— Mbona bata hasahau?

— Bata ana rubani?

Wakacheka. Mimi sababu nilikuwa nayo kooni. Ndege ikitoka majini tunapiga grisi kwenye magurudumu mpaka maji yatoke. Iliyofurika tunaifuta kwa kitambaa, isiguse breki. Halafu mmoja anasukuma ndege, mwingine anakanyaga breki kuzijaribu. Jana mjomba aliniachia mimi. Grisi nilipiga. Kitambaa sikukigusa. Nikamwambia, "Tayari, mzee, hata kwenye kigae inasimama," nikaja zangu kahawani.

Binti wa mjomba akatokea. Tukamsogezea nafasi, hakuketi.

— Kaka, Baba amerudisha beji ya kazi. Kawaambia kule ofisini kwamba magurudumu aliyashughulikia yeye. Miaka ishirini na tatu hajawahi kuacha grisi kwenye breki. Jana ndege ikiandaliwa, wewe ulikuwa wapi?

Nikafungua mdomo. Redio, rafiki wa kweli, akaniwahi.

— Dada, huyu usimsingizie! Alikuwa hapahapa na sisi. Mzee mwenyewe alimwita kutoka kule uzioni aje wajaribu breki, jamaa akampungia mkono tu!

— Kweli tupu, — Kinyozi akaapa. — Mimi shahidi.

Dada akanitazama. Muuza kahawa akainua birika aniongeze. Nikafunika kikombe kwa kiganja.

— Twende ofisini, — nikamwambia dada.

Akatangulia. Hakunisubiri.