Dakika ya Kumi na Mbili

Kisa hiki kilistahili msimuliaji mwenye meno yote na kumbukumbu nzima. Kimeniangukia mimi, basi mniwie radhi mapema. Panapopinda, panyoosheni wenyewe. Nje ya duka dogo la kichochoroni, hapo mjini Daegu, chini ya mwavuli wa matangazo ya bia, kuna meza ya plastiki yenye viti vitatu na wenyewe watatu. Maeng Bong-su, fundi viatu, huitwa Kisigino. Dereva mstaafu wa basi, ambaye chuo alikiona kupitia kioo cha mbele tu, huitwa Profesa. Mama Tak, muuza tofu, huitwa Chumvi, na akikujibu utajua kwa nini. Alasiri hiyo kila mtu alikuwa anakoroga kahawa yake kwa pakiti tupu ilimotoka kahawa yenyewe, ila ya Kisigino ilikuwa inapoa. Binti yake, Hae-rin, anafundisha tiba ya viungo chuoni kwa masomo ya video, na asubuhi alikuwa amepiga simu. Saa kumi kamati ingeamua kama mkataba wake unaendelea. Somo lake la tatu limezimwa mara mia tatu, kila mara dakika ya kumi na moja. Wakubwa wanasema wanafunzi wamemchoka.

— Wamchoke Hae-rin? alisema Kisigino. Mwanangu akieleza habari za goti, goti lenyewe linanyooka kumsikiliza.

— Kaka, hilo ni suala la kibofu, alisema Profesa. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto anaanza somo na kahawa ya barafu mkononi, dakika ya kumi na moja kibaba kimejaa.

— Mara mia tatu? aliuliza Chumvi. Wanasoma au wanamwagilia bustani?

— Basi ni kasi. Wanazikimbiza hizo video maradufu. Haraka haraka haina baraka: simu inachemka, inajizima.

— Simu ya mjukuu wangu inachemka kwa michezo kutwa nzima na haizimiki.

— Michezo imeizoea. Elimu ndiyo inaishtua. Tena sikia, dada, kuna chuo kina wivu. Kimeajiri mtu, kazi yake kufungua somo na kulifunga, kufungua na kulifunga, amharibie binti yetu.

— Nikimpata huyo mtu, alisema Kisigino, nampigilia misumari kwenye soli akiwa amekivaa kiatu.

Ili apoe, akatoa simu, akalifungua lile somo pale anapopapenda, kama anavyomfungulia kila mteja. Hae-rin akatokea na koti jeupe. "Mgonjwa akiingia, tazameni kwanza kisigino cha kiatu chake. Hili sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na baba yangu, fundi viatu, na sijamwona akikosea."

Kisigino akabonyeza, akazima.

— Mmesikia? Chuo kizima kinajua.

— Tunasikia tangu Machi, alisema Chumvi.

Msichana mmoja mwenye begi la chuo alikuwa amesimama kando, kiatu kibovu mkononi, akisubiri fundi amalize.

— Samahani, mjomba. Mimi ni mwanafunzi wake. Nilitaka kukuuliza, ile dakika ya kumi na mbili ulijisikiaje?

Profesa akafungua mdomo, akautilia kahawa. Chumvi akageuka taratibu.

— Kisigino. Somo hili umewaonyesha wateja wangapi?

— Kila anayekuja.

— Na huwa unazima hapo?

Kisigino akakitazama kidole gumba chake kama kimekamatwa na mali ya wizi. Kisha akalifungua tena, na kwa mara ya kwanza akaliacha liende.

"Ila baba ana kasoro moja," alisema Hae-rin. "Akishakisoma kiatu, hamwachi mwenye mguu amalize kusema. Sisi tutasikiliza mpaka mwisho. Mwenye mguu ndiye anayejua panapouma."

— Darasani tuko thelathini na wanane, alisema msichana. Hapo huwa tunarudia mara mbili. Hakuna anayezima.

Kifua cha Kisigino kikafura, uso ukaanguka, vyote kwa pamoja. Zilikuwa zimebaki dakika kumi kufika saa kumi. Akapiga simu.

— Hae-rin, waambie wakubwa zako wanafunzi wako hawana kosa. Mtoro ni mmoja, ana miaka sitini na tatu, anashona viatu, na hakuna mwalimu anayemjivunia kuliko wewe. Basi.

Akakata.

— Amesemaje? aliuliza msichana.

Kisigino akaitazama simu iliyokwisha kuzimika mkononi mwake.

— Ongezeni moja, alisema. Mia tatu na moja.