Fundi Spoksi na Gari Jeupe la Mkewe

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Spoksi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1952, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, ng'ambo ya reli. Alikuwa mtoto wa nne wa mwashi na mshona magunia. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alipoanza kutambaa, alimpita yeye akaiendea baiskeli.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1967. Siku moja alifukuzwa darasani kwa kukutwa anakaza spoksi za baiskeli ya mwalimu mkuu bila kuombwa. Kesho yake mwalimu mkuu alimwita ofisini. Alidhani anaitiwa fimbo, kumbe anaitiwa gurudumu la pili.

Alianza kazi kwa mjomba wake, fundi baiskeli, na mwaka 1971 akaingia gereji iliyotengeneza magari madogo ya michezo ya Kiingereza, yale mafupi ya viti viwili, yasiyo na paa. Magurudumu yake yana spoksi kama ya baiskeli. Hayafungwi kwa nati nyingi, yanafungwa kwa nati moja kubwa ya katikati. Ndani ya gurudumu mna meno, na kitovu kinachobeba gurudumu kina meno pia, yakiumana ndipo gari linakwenda. Viwanda vilivyounda magari hayo vilikuja kufungwa, kwa hiyo vipuri viliwindwa kama wanyama. Marehemu aliviwinda kwenye skrapu, kwenye mabanda ya kuku na kwenye stoo za watu waliokwisha kusahau walichonacho. Hata msibani aliwinda. Alipata kwenda kuhani akaona gurudumu uani limezungushiwa mpira wa kumwagilia maua. Alitoa pole, akakaa, akanywa chai, ndipo akauliza. Wenye msiba walicheka, wakampa.

Alifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1984. Mkewe alikuwa mfanyakazi wa ndani, hakupelekwa shule, na alimuuguza bibi mmoja mpaka bibi yule akafumba macho. Kabla ya kufa, bibi alimwachia gari lake jeupe la aina hiyohiyo. Fundi aliyeitwa kulitengeneza ndiye aliyekuja kuwa mume. Siku ya harusi walitoka nalo barabara kubwa, bibi harusi kiti cha mbele. Upepo ukamvua kitambaa cha kichwa. Bwana harusi akageuza gari katikati ya barabara, magari yote yakampigia honi, akashuka na suti yake kwenda kukiokota. Hiyo ndiyo safari pekee ambayo gari hilo lilimbeba mwenye gari.

Mwezi uliofuata, wakili mwenye gari jekundu alivunja gurudumu. Marehemu alimwomba mkewe amwazime moja tu, mpaka jingine lipatikane. Mke akakubali, nani angemnyima mume gurudumu? Gari jeupe likawekwa juu ya mawe kwa siku chache. Kisha likaenda la pili. Kabureta ikafuata, taa zikafuata, na kiti cha mbele kikafuata. Kila kipuri kilichopatikana kilikwenda kwa mteja, maana mteja alikuwa amesimama mlangoni na mke alikuwa jikoni. Gerejini waliliita gari lile Ghala. Kijana akikosa kitu aliambiwa, kachukue ghalani. Dada wa marehemu alikuwa akimtania mkewe, "Wifi, gari lako limekuwa mpera wa njiani, kila apitaye anachuma." Wote walicheka, na wifi naye alicheka, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Akiuliza lini, aliambiwa kesho. Watu husema kinyozi hajinyoi. Hawasemi mke wa kinyozi afanye nini.

Mwezi Novemba 2019 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Hapo ndipo alipolikumbuka gari jeupe. Alituma watu kwa wateja wake. Wawili walirudisha gurudumu mojamoja, na wengine walisema wanamwombea. Magurudumu mengine mawili aliyaunda mwenyewe kwa spoksi za zamani, akikaza kwa mkono wa kushoto, mkewe akimzungushia. Vijana wa gereji walirudisha kabureta. Injini ilikuwepo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuihitaji.

Tarehe 20 Juni 2021 walishusha gari kutoka kwenye mawe. Mke alitoa kile kitambaa cha harusi akajifunga. Kiti chake hakikuwepo, akakalia ndoo iliyopinduliwa. Injini iliwaka, mabinti wao wawili wakapiga makofi. Marehemu, ameshika usukani kwa mkono wa kushoto, akamwambia mkewe aingize gia, naye akakanyaga mafuta. Gari halikusogea. Chini palilia kama tupa inayokata chuma. Vitovu vilikuwa vinazunguka ndani ya magurudumu, na magurudumu yametulia tuli. Vitovu vizima vilikwisha kuchukuliwa miaka mingi nyuma, vikawekwa vilivyolika. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana kwamba gurudumu zima halifungwi kwenye kitovu kilicholika, kwa kuwa nalo litalika. Alizima injini.

"Meno yamekwisha, mke wangu," alisema.

"Nani aliyatoa?"

"Nitatafuta mengine."

"Wapi?"

Waliendelea kukaa humo, yeye na usukani, mkewe na ndoo yake, mpaka mabinti wakaja kuwashusha.

Kiharusi cha pili kilimpata mwanzoni mwa Agosti, na tarehe 9 mwezi huo alifariki dunia hospitalini, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Jana wakili mwenye gari jekundu alifika nyumbani. Alitoa pole, akakaa, akanywa chai, ndipo akauliza kama ule usukani wa gari jeupe bado upo, maana wake umepasuka. Mjane alimwambia, "Spana iko pale alipoiacha. Kaufungue mwenyewe, baba, mikono yangu imechoka." Akaufungua.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na dada yake. Ameacha pia magari yote mnayoyaona yamepangwa nje ya ukuta huu, mazuri, yanayotembea, na moja jeupe lililobaki nyumbani. Mjane wake aliingoja safari ya pili kwa miaka thelathini na saba. Leo ameletwa makaburini kwa gari jekundu, amekaa kiti cha mbele. Gurudumu la mbele kushoto ni lake yeye, lile lililoazimwa.

Fundi apumzike kwa amani, huko ambako hakuna mtu wa kumwazima kitu.