Mabomba ya Wodi ya Wazazi: Risala ya Mafundi kwa Meneja wa Benki

Mgeni rasmi, Meneja wa tawi la benki ya mji wetu. Mwenyekiti wa mtaa. Wazee wetu, mama zetu, na ninyi watoto mlioambiwa mshuke madirishani mkajifanya hamkusikia:

MAKARIBISHO

Karibu sana, Mama. Tumefurahi, tena si kwa maneno tu, maana tulipokuandikia barua ya mwaliko wengi wetu walisema hutakuja. Fundi rangi alijiapiza kwamba ukija ataipaka ofisi ya umoja bure. Harufu unayoisikia ndiyo hiyo, na tunakuomba usiegemee ukuta.

Sisi ni mafundi na wafanyabiashara wadogo wa mtaa huu wa nyuma ya soko: mafundi bomba, ujenzi na umeme, maseremala, mafundi cherehani, na akina mama wanaotupikia sote hao. Hatukukuita uje kusikiliza vilio. Tunakula, watoto wanasoma, na ugomvi wetu ni wa kawaida. Lakini lipo jambo moja la mwenzetu, Mama Bomba, na ni vizuri ulijue tangu sasa. Amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika, na asipokuwa na vifaa Jumatatu, atapewa mwingine.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulianza kwa aibu. Miaka hiyo, wewe hujaletwa hapa, seremala wetu alikwenda benki kuomba mkopo wa kununulia mashine ya randa. Akaambiwa alete uthibitisho wa kazi yake. Kesho yake akaupeleka mlango. Mlango mzima wa mbao ngumu, pamoja na fremu yake, yeye kashika mbele na shemeji yake kashika nyuma. Mlinzi akauzuia nje kwa sababu haukupita mlangoni. Afisa wa mikopo akatoka, akauzunguka, akausifu sana, kisha akauliza hati ya nyumba iko wapi. Seremala alikuwa amepanga chumba kimoja. Akarudi nao, na njia nzima watu wakawa wanamuuliza bei.

Jioni ile tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni Mama Bomba. Alikuwa kakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anafuta spana yake na kitambaa. Akatuuliza, "Mnamcheka sawa, lakini mlango wenyewe ni mzuri au si mzuri?"

Tukausimamisha, tukaufungua, tukaufunga. Ulikuwa hauburuzi wala hauachi mwanya.

"Basi mimi namkopesha," akasema.

Akamkopesha kweli, fedha alizokuwa ameweka za kununulia godoro. Alilalia lile la zamani mwaka mzima na hakumwambia seremala mpaka deni lilipokwisha. Sisi wengine tulichanga baada ya hapo, kwa kuona haya zaidi kuliko kwa huruma.

NAMNA TUNAVYOKOPESHANA

Kila wiki tunachanga, na tunapeana kwa zamu. Hapo hatujazidiana na vikundi vingine. Ila kwetu hakuna anayeulizwa shamba wala kiwanja. Anayeomba mkopo tunakwenda kuikagua kazi yake ya mwisho, huko huko alikoifanya. Ukuta tunaugonga kwa vifundo vya vidole. Lipu isiyoshika inajisema yenyewe. Nguo tunaigeuza ndani nje tukatazama mishono. Chini ya bomba tunaweka kipande cha karatasi kikavu, tunarudi kesho yake kukipapasa. Mama lishe naye tunakwenda kula kwake bila kumwambia, na tunalipa, ijapokuwa mweka hazina hulalamika kwamba wakaguzi wa chakula wamekuwa wengi mno.

Kazi ikiwa mbaya, hupati. Unairekebisha kwanza, na wakaguzi wanakusaidia. Fundi wetu wa lipu aliwahi kuambiwa ukuta wake una mapengo. Akatutukana mpaka tukahama kibarazani, akasusa. Mwenye ukuta ndiye aliyetuambia kwamba jamaa karudi kimya kimya, kabandua yote, kaanza upya. Leo ndiye mkaguzi wetu mkuu, na hana msalie mtume hata kwa kaka yake.

MAFANIKIO

Tangu wakati ule hakuna mkopo wetu uliopotea. Umechelewa, ndiyo. Kukopa tunakopa kama binadamu wengine. Seremala ana randa mbili. Fundi cherehani anayemsomea mkewe risala hii kila usiku ili asigugumize mbele yako, yaani huyu huyu anayekusomea, yuko karibu kupata zamu ya kununua cherehani ya umeme.

Lakini fahari yetu kubwa ni Mama Bomba. Ufundi alifundishwa na mjomba wake, na alipoanza, wenye nyumba walikuwa wakimwona mlangoni na begi la vifaa wakimuuliza, "Fundi yuko wapi?" Alikuwa anawajibu, "Anakuja," kisha anaingia chini ya sinki na kuanza kazi. Walipokuja kugundua kwamba hakuna mwingine anayekuja, maji yalikuwa yanatoka. Alituambia siku moja kwamba jibu lile lilimchosha roho kuliko kubeba mabomba. Sasa haulizwi tena. Halmashauri ilipotangaza kazi ya kuweka mabomba katika wodi mpya ya wazazi, akaomba, akawashinda watu wenye magari ya kampuni. Siku aliyopata barua alikaa ofisini kwetu akaisoma, akaikunja, akaikunjua akaisoma tena. Halafu akalia, na hakujificha.

CHANGAMOTO

Halmashauri hulipa kazi ikikamilika. Vifaa ununue mwenyewe. Mfuko wetu, hata tukiukung'uta, unatosha koki na viungio, hautoshi mabomba ya wodi nzima.

Tulikaa kikao. Ikapendekezwa wenye zamu za karibu wazitoe, kuanzia na fundi cherehani. Alikubali, japo sura ilimshuka kidogo, na hilo analisoma mwenyewe hapa mbele yenu. Mama Bomba akakataa. Alisema, "Kaka yangu, zamu yako ni yako. Nikiichukua, wodi itapata maji, halafu mimi nitakutazama vipi kila asubuhi?"

Shemeji yake Mama Bomba akamshauri aende kwa wale wakopeshaji wa kona, wanaokupa kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Akamjibu kwamba walishawahi kumchukulia vifaa vyake vyote, na mjomba ndiye aliyemwazima spana za kuanzia tena. Hataki kusikia habari zao.

Akabaki mwenye duka la vifaa, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Taslimu. Jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Akiuza msumari mmoja anataka hela kwanza, kisha ndiyo anauliza wa ukubwa gani. Mama Bomba alikwenda akamweleza. Bwana Taslimu alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, akamhudumia mteja aliyefuata.

Wiki nzima hii mwenzetu amekuwa akipita pale wodini kutazama kuta tupu. Anasema anapima. Vipimo alishavimaliza zamani, na sote tunajua.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba mambo haya.

Tunaomba umteue afisa mmoja wa mikopo awe anatembea na wakaguzi wetu. Aje na viatu visivyoogopa saruji. Tukigonga ukuta na yeye augonge, na akiridhika, ukaguzi huo uhesabiwe kuwa dhamana pale asiye na hati anapoomba.

Pia tunaomba fundi mwenye barua ya kazi ya halmashauri akopeshwe vifaa kwa barua hiyo, na malipo yake yapitie kwenu moja kwa moja. Hapo nanyi hamtakuwa na wasiwasi.

Ombi la tatu lilikuwa la Mama Bomba. Risala hii tuliiandika mapema wiki hii, na mistari hiyo tuliipamba kuliko yote. Leo asubuhi tumeifuta.

Jana jioni tulikuwa humu tunapanga viti, akaingia Bwana Taslimu. Mkwe wake kajifungua mtoto wa kike katika wodi ile ya zamani, naye alikwenda kumwona mjukuu. Aliponawa mikono pale kwenye sinki, anasema, alijikuta kainama anapapasa chini ya bomba, kama alivyotuona sisi tukifanya miaka yote akitucheka kutoka dukani kwake. Pakavu kabisa. Akamuuliza muuguzi ni kazi ya nani. Akaambiwa ni ya yule mama, ya mwaka juzi, na haijawahi kuvuja.

Alisimama hapo mlangoni, hakumwamkia mtu. Akamwambia Mama Bomba, "Mabomba yote nimekutengea. Utanilipa wakikulipa. Tafuta mkokoteni."

Mama Bomba alikwishatoka kutafuta mkokoteni. Seremala ndiye aliyesema asante kwa niaba yake, akarudia, akarudia tena, mpaka Bwana Taslimu akakasirika akaondoka.

Mama, tulikuwa tumepanga asimame sasa hivi umwone. Kiti chake ni hicho kilicho wazi hapo mbele yako. Tulimwomba angalau aje akusalimie kwanza. Akasema tukuombe radhi sana, na ukiuliza fundi yuko wapi, tukuambie yuko wodini, amekwishaanza.

Mungu akujalie afya na kazi yenye baraka, nyumba yako isikose maji, na safari yako ya kurudi iwe nyepesi.

Ni sisi wako,
Umoja wa Mafundi na Wafanyabiashara Wadogo, Mtaa wa Nyuma ya Soko