Kuitwa Ofisini

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Fundi viatu, na tangu binti yake aingie chuo kikuu halikaliki kwa majivuno. Hata mimi kichwa kimevimba, na sioni haya kusema. Mpita njia akiuliza posta iko wapi, Redio, aliyepewa jina hilo kwa kutozimika, humweleza kwanza habari za "mtoto wetu wa kemia". Basi leo tukiwa tunanywa kahawa, Fundi kapigiwa simu na bintiye, akarudi kaketi kama aliyepigwa ngumi.

— Mwalimu wake kamwambia, "Nione ofisini." Mtoto ameshafunga begi. Anataka kurudi nyumbani.

— Nione! Wakili akaruka. Wakili wetu huyo sheria kaisomea hapa hapa benchini. Hilo si neno la heri! Mke wangu akiniambia "leo utaniona", kwani huwa ananipa zawadi?

— Dalili ya mvua ni mawingu, Redio akasema. Wanamfukuza.

— Kwa kosa lipi? Wakili akadakia. Mtoto jioni anaosha vyombo mkahawani, usiku anasoma, na bado anafaulu!

— Ndilo kosa lenyewe. Kawapita watoto wa wakubwa. Sasa wanataka kumnyang'anya akili.

— Akili inanyang'anywaje, we Redio?

— Kwa mashine! Anavalishwa kofia ya waya, kemia yote inafyonzwa, anapewa mtoto wa mkubwa. Haraka haraka haina baraka!

— Haraka imeingiaje hapo?

— Imeingia kwa mlango, bwana!

Tulicheka, Fundi hakucheka.

— Mwenzake wa chumbani baba yake ni daktari, akasema. Akikwama anampigia baba yake, anaelekezwa. Wangu ananipigia mimi. Nimwambie nini? Gundi gani inashika?

Jamani, iliniuma. Hata Wakili alitazama chini.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua viatu vyake vya kazini alikuwa amesimama kando, anatusikiliza.

— Samahani, ndugu zangu. Kwani hapa kuna aliyewahi kuitwa ofisini kwa jambo jema?

Redio akazimika. Mimi nikazipitia ofisi zote nilizowahi kuitwa maishani, tangu ya mwalimu mkuu hadi ile ya kiwandani walikoniachisha kazi. Hakuna.

Fundi akajifuta mikono kwenye aproni, akampigia bintiye, simu akaiweka spika.

— Mwanangu, fungua hilo begi.

— Baba, naogopa.

— Najua. Sisi huku ofisi tunazozijua ni za kufukuzwa tu, ndiyo maana tumekurithisha woga. Hiyo ya kwako hatuijui, hakuna wa kwetu aliyewahi kufika. Vaa vizuri, bisha hodi, muulize amekuitia nini. Ukitoka, nipigie unifundishe.