Mlango wa Mina Stroh

Marehemu Philomena Stroh, Mina kwa wote waliomjua, alizaliwa Hoboken, New Jersey, tarehe 14 Novemba 1896, mtoto wa pili wa Mzee Heinrich Tiedemann, fundi wa mapipa, na Mama Adele. Alisoma shule ya kanisa hadi darasa la nane, akisifiwa kwa kukariri mashairi na kukaripiwa kwa kuyaigiza.

Mwaka 1916 alipata kazi Fort Lee, kwenye studio za sinema zile zisizo na sauti. Filamu yake ilikuwa moja tu: aliigiza mke aliyefungiwa darini na mume mwenye wivu. Mwongozaji aliugongomea mlango misumari kwelikweli, ili hofu iwe hofu. Mina akapiga kelele, "Nifungulieni jamani, sitanii!" Akajibiwa kutoka nje, "Lia tu, binti, sinema haina masikio!"

Wakapiga picha za miisho miwili, kama ilivyokuwa desturi yao. Katika mmoja mlango unafunguliwa. Katika wa pili taa inazimika, basi. Wenye kampuni wangechagua baadaye. Filamu ikazungushwa miji michache ya mbali, kisha kampuni ikafilisika, ghala likaungua, na nakala zote zikapotea. Hoboken haikufika. Mina hakupata kujua kama alitoka.

Tarehe 7 Juni 1919 alifunga ndoa na Bwana Emmett Stroh, mwoka mikate, wakajaliwa Walter na Irma. Alihudumia wateja wa duka lao hadi uzeeni. Nyumbani kwao mlango haukufungwa, hata theluji ikianguka. Bwana Emmett, akinywa supu na koti mwilini, alinung'unika, "Hivi mimi nimeoa mke au nimeoa upepo?"

"Umeoa vyote viwili, mume wangu. Kunywa, inapoa."

Lakini siku moja alimwambia Irma, "Mwanangu, mimi bado nimo mle darini. Nagonga."

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akahamia nyumba ya kutunzia wazee. Huko, mezani, Mzee Augie Pfeiffer, aliyekuwa akipiga piano katika ukumbi wa sinema kule Kettle Creek, Pennsylvania, alimtazama akaweka kijiko chini.

"Wewe si yule wa darini?"

"Ndiye. Nilitoka?"

Mzee Augie akainama. "Dada yangu, boksi la mwisho la filamu halikutufikia. Treni ililipeleka kwingine. Watu wakagoma kwenda nyumbani, wakapiga miguu sakafuni: hatumwachi mle! Mwenye ukumbi akapanda jukwaani, 'Ametoka! Mlango umefunguliwa, ametoka salama!' Akanipungia mkono, nikapiga wimbo wa harusi. Watu wakacheza katikati ya viti."

"Kumbe uongo."

"Mji mzima ulikushangilia, Dada. Uongo wa wapi huo?"

Mina alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Kisha akasema, "Hebu nipigie huo wimbo." Mzee Augie akaupiga kwa vidole, mezani, kando ya sahani.

Jioni ya tarehe 9 Machi 1972, Irma akiwa pembeni yake, Mina alisema, "Irma, hebu funga huo mlango. Baridi inaingia." Irma hakuwahi kuyasikia maneno hayo kinywani mwa mama yake. Akaufunga. Mina akavuta blanketi, akalala, na hakuamka.

Mumewe alitangulia mwaka 1958. Mina ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na rafiki yake Mzee Augie, ambaye tumemwomba atupigie wimbo ule ule tukitoka.

Apumzike Mina wetu. Ametoka salama.