Tawi Ku Njia Panda

Bamama, bababa, bandugu ba shirika yetu, mutanisamehe, nitasimama. Nikisema na kukaa, nasahau. Mama mwenye hii parcelle tumekutania ameniambia sasa hivi ku mulango, "Sema pole-pole, mutoto, usikimbie." Ananijua. Mimi niko mutu wa haraka. Hata rozari, nafikaka ku Amina bengine bangali ku Baba Yetu. Munacheka, lakini iko kweli, na ile haraka iko ndani ya hii ushuhuda.

Sitataja jina ya mutu. Bengine majina yabo sikuyajua mupaka leo. Mais naona hapa batu bapya, benye bamekimbia vita, bametoka ku njia juzi. Hii maneno iko yabo kwanza.

Ilikuwa wakati ya vita. Nilikuwa nasoma ku Beni, mu secondaire, nakaa kwa tantine yangu. Mama yangu alikuwa huku Butembo, peke yake, juu baba alishakufaka. Asubuhi moja masasi ya bunduki ikalia upande ya soko, tukatoka mu darasa mbio, kila mutu na upande yake. Nafika ku nyumba: kufuli ku mulango. Kufuli! Jirani alikuwa anafunga godoro ku kinga, ile baiskeli yake. Akaniambia:

"Tantine yako amepanda camion ya Kasindi na batoto yake. Ufunguo iko hapa."

"Na mimi?"

Akavuta kamba ya godoro, akaikaza. Kisha akasema, "Wewe uko mukubwa."

Bandugu, nawaambia: hii neno "uko mukubwa" iko baridi sana ukiisikia mbele ya nyumba yenye haina mutu.

Nilitaka kitu kimoja tu. Nifike kwa mama, mbele hajasikia habari ya Beni, hajaanza kunililia kama maiti. Lakini barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa. Basoda, ni kusema askari, balikuwa banakamata vijana, banabebesha masanduku ya masasi, na binti nabo, mambo yabo munaijua, sitasema. Donc batu balikuwa banapita ku milima, njia ya miguu, banalala mu njia. Nikasikia kwamba bamama bachuuzi ba chumvi bataondoka asubuhi. Nikasema, na mimi naenda.

Sasa muone namna nilijitengeneza. Mutu wa masomo! Mu sac nikaweka buku ya fizike, buku ya Kifaransa, nguo ya misa, na pasi ya makaa ya mama, ile ya chuma, yenye jogoo mbele. Mama alikuwa amemuazima tantine ile pasi, na mimi nikasema siwezi kuachia bezi pasi ya mama yangu. Chakula: biscuit. Ku miguu: bottes mupya ya tantine, haijavaliwa hata siku moja, na chaussettes, soksi ya ndani, hakuna.

Bale bamama balikuwa tofauti. Miguu balikuwa bamepakaa mafuta ya ngazi, ile mawese, mupaka katikati ya vidole. Viazi ya kuchoma, chumvi mu jani, bidon ya maji, basi. Mwenye kutangulia alikuwa mama mufupi, kitunga ku mugongo, kamba yake ku paji la uso, na kandambili imezeeka, imeshonwa na waya. Akasikia sac yangu.

"Iko nini inalia kengele mule ndani?"

"Pasi, mama."

"Pasi!" Akageukia benzake. "Mukuye muone! Huyu anaenda kunyoshea nyani mashati!"

Bakacheka mupaka bakashika magoti. Kisha akagusa bottes yangu na fimbo. "Na hii, ilishatembea wapi?"

"Bado, mama. Iko mupya."

"Kiatu ya safari inazeekaka ku nyumba kwanza. Ya wewe itakuzeesha."

Mimi mu roho nikasema: huyu mama hajue kitu.

Mbele ya kuondoka akatupatia sheria. Tutaenda mustari moja, hapana kuongea. Ku njia panda, yeye wa mbele atalalisha tawi ya majani mabichi ku njia yenye hatupiti. Ukiona tawi, usiiruke, fwata njia ingine. Hii bankambo betu, babu ba zamani, bote balikuwa banafanyaka. Mu wakati ya amani tawi inabakia pale, inangojea mwenzako mwenye anakuja nyuma. Lakini vita ilituongezea kingine.

"Wa mwisho anatosha tawi, anaiondoa, anaitupa mu pori mbali," akasema. "Tukiiacha, basoda nabo batasoma. Wa mwisho akishapita, njia inakuwa bubu. Mumesikia?"

Tukasikia.

Siku ya kwanza, bandugu, niliona bale bamama banatembea kama batu ba kuzika. Nikabapita. Mama mufupi akaniambia tu, "Kilima haikimbiaka, mutoto. Utaikuta." Kesho yake ile bottes ikaanza kuniuma ku kisigino. Nikawa katikati ya mustari. Kisha nyuma. Kisha wa mwisho kabisa. Tulikuwa juu ya mulima, ukungu imetufunika, nguo imelowa bila mvua. Mama wa mbele yangu akageuka.

"Iko nini?"

"Hakuna. Nafunga botte yangu. Muende, nakuja."

"Botte haina kamba."

"Nakuja, nimesema!"

Akaniangalia kidogo. Akaenda. Ukungu ikamumeza, kwanza miguu, kisha kitunga.

Nikakaa ku jiwe, nikavuta bottes, na ngozi ya kisigino ikabakia mule ndani. Sikulia. Nilisikiliza. Hakuna mutu, hakuna mbuzi, hakuna hata ndege. Mimi nilikuwa nazoea kusema niko peke yangu, wakati tantine alikuwa ananigombeza. Ile ilikuwa muchezo. Pale nikajua peke yako iko nini. Mu ule mustari mutu hata moja hakujua jina yangu. Nani atasema, "Huyu hayuko"? Tantine alihesabia batoto yake, akafunga kufuli. Jirani alihesabia vitu yake, akapakia ku kinga. Na mama ku Butembo hakujua hata niko mu njia. Nikifia pale, nitakuwa sikufia fasi yoyote.

Nikapasua nguo ya misa, nikafunga miguu. Bottes nikaiacha. Buku nikaiacha. Pasi nikaishika mukononi sana, kisha nikaificha chini ya majani, nikaiambia pole kama mutu. Nikaanza kutembea, kidogo-kidogo, nashika majani ya pembeni.

Kisha nikaona njia panda inakuja.

Bandugu, nikasimama mbali. Nikaogopa kuangalia. Nilikuwa najua sheria: wa mwisho anatosha tawi. Kama hakuna tawi, ni kusema ule mama wa mwisho ameshaitupa. Ni kusema kwabo mustari imeisha, na mimi siko ndani. Na nitachagua njia gani, mu ule ukungu? Ingine inashuka ku barabara, kwa basoda.

Nikasogea. Macho chini.

Tawi ilikuwa pale. Majani mabichi, fasi ya kukatwa ingali inatoa maji. Imelala juu ya njia ya kuume, muzuri, kama mutu ametandika kitanda.

Hapo njo nililia. Muelewe bale bamama bamefanya nini. Bako na chumvi yabo, bako na batoto banabangojea, na bameacha alama mu njia ya vita, yenye soda yeyote anaweza kusoma, juu ya binti mwenye habajue jina yake, binti wa pasi. Kwabo, wa mwisho hakuwa amepita. Wa mwisho alikuwa mimi.

Nikafuta macho. Nikakamata ile tawi, nikaitupa mbali mu bonde. Iliniuma kuitupa, nawaambia kweli, juu ilikuwa rafiki moja nilikuwa naye. Lakini ilikuwa kazi yangu. Nikaenda. Njia panda ingine: tawi. Nikatosha. Ingine tena: pale balipanga matawi mbili, makubwa, imepandana. Nikacheka peke yangu mu ukungu. Ni kama mama mufupi alikuwa anaandika na herufi kubwa, juu ya mutu wa masomo.

Jua ilikuwa inaelekea kushuka wakati nilisikia harufu ya moshi. Balikuwa ku kijito, banachoma viazi. Mama mufupi hakugeuka hata kichwa.

"Umetosha matawi?"

"Nimetosha yote, mama."

"Na pasi?"

"Nimeachia nyani."

Bakacheka, bakasahau sheria ya kunyamaza. Akafungua kitunga, akatosha chumvi yake ya biashara, akaiweka mu maji ya moto, akaniosha miguu. Nililia kama mutoto. "Lia," akasema, "lakini kesho unatembea nyuma yangu mimi."

Vile njo nilifika Butembo. Mama yangu alikuwa ku mulango. Hakushika mukono yangu, alishika miguu. Pasi alikuja kuulizia kisha miezi kupita, na alishakuwa anacheka.

Mais muone haraka yangu: ku mwingilio ya muji nilikimbia kwa mama, sikumuuliza ule mama mufupi jina yake. Tangu pale, siku ya soko, naangaliaka kandambili yenye imeshonwa na waya. Bado sijamuona. Wasingya, aksanti mama, fasi yoyote uko. Na ule mwenye aliniambia botte haina kamba, wasingya na wewe.

Bandugu, benye tulishafika, tunafungaka mulango mbio sana. Tuangalie kwanza nyuma kama mustari imeisha. Na wewe mwenye uko nyuma, usiseme hakuna mutu anajua. Sogea mupaka ku njia panda, uangalie chini.

Nimemaliza. Lakini ule mama mupya, pale karibu na mulango, mwenye hajasema na mutu tangu alifika: mama, kuja huku mbele, kuko kiti. Tulikuhesabia.