Apolinaria wa Isevya, Aliyepakua Kabla ya Kuuliza

Ndugu waombolezaji, poleni na safari, poleni na msiba, tulieni kidogo tusikie habari za mama yetu.

Apolinaria Lugembe alizaliwa Lusu, Nzega, tarehe 9 Februari 1924, nyumba ya baba yake ikiwa kando ya njia ya zamani ya misafara, na hapo ndipo alipofundishwa kwamba mgeni haulizwi atokako kabla hajala. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na jamani, kwa ukali wa kukagua kucha za wenzake hakuwa na mpinzani.

Tarehe 12 Juni 1943 alifunga ndoa na marehemu Kasimiri, fundi wa reli, wakahamia hapa Isevya, Mungu akawajalia watoto wanne. Mwaka 1962, yeye na jirani yake Bibi Zamda walianzisha kikundi cha akina mama, Waislamu kwa Wakristo, cha kuwapikia wagonjwa wasio na ndugu, na wakimbizi walipoingia kutoka ng'ambo ya mpaka, mwaka 1972, sufuria ile ile ikawapikia na wao.

Ndipo ikaja amri ya usalama, kwamba kila anayepewa chakula aulizwe kwanza jina na alikotoka, kisha aripotiwe, kwa kuwa ilisemekana wenye silaha wamejichanganya na wakimbizi. Mama hakuidharau serikali, kadi ya TANU alikuwa nayo tangu kabla ya Uhuru, ila alipakua kwanza akauliza baadaye, na mara nyingi aliyeshiba alikuwa ameshaondoka. Mmoja wa hao aliowalisha akakamatwa akiwa na bunduki. Tarehe 3 Mei 1973 mama naye akachukuliwa, akawekwa kizuizini miezi saba bila kufikishwa mahakamani, kikundi kikapigwa marufuku, wenzake wakaogopa hata kuitikia hodi, na sufuria ikafunikwa uani kwa Bibi Zamda. Inatuuma hadi leo, maana msimu ule watu walilala njaa mlangoni petu, na wapo waliozikwa.

Alipoachiwa alionywa asiwapikie wageni tena. Mama huyu kwa ubishi! Akasema amesikia, akaifuata sufuria yake, akapika nyumbani, na kila aliyepiga hodi akamtambulisha kwa mjumbe wa nyumba kumi kuwa ni mwanawe. Mjumbe akataka kujua mbona watoto wanaongezeka kila Jumamosi, akakaribishwa chakula, naye akala.

Aliugua figo tangu Agosti 1978, akafariki Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, alfajiri, mikononi mwa Bibi Zamda. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Isevya na Mtendeni, waliofanya kazi reli pamoja na marehemu Kasimiri, na mjumbe wetu, yeye mwenyewe anajua kwa nini.

Marehemu ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na wengine ambao familia haiwajui majina, mliosimama kule nyuma karibu na lango. Ninyi ni wanawe, alikwisha kusema mwenyewe, sogeeni mbele mtie udongo pamoja nasi, kisha twendeni nyumbani mkale, sufuria iko jikoni, na hakuna atakayewauliza mlikotoka.

Pumzika kwa amani, mama, upawa tumeupokea.